Kilo Thelathini

21 Mei. Siku ya 311 tangu niondoke nyumbani.

Mkuu wangu Hamasaki amenipa daftari hili kwa sababu kurasa zake za mwanzo zimelowa na haziwezi tena kuandikiwa vipuri. Alisema, "Andika, mzee Kumagai, vidole vyako visije vikasahau herufi." Nilisoma miaka sita tu, kisha nikaingia msituni na baba kuchoma makaa. Nina miaka thelathini na tisa. Kwenye kiwanja hiki mimi ndiye mkubwa kwa umri na mdogo kwa cheo.

Mvua imeanza mapema. Kwetu kaskazini theluji ndiyo kwanza inaisha milimani, lakini hapa Kyushu, kisiwa cha kusini, mikeka imeshaota ukungu.

Kazi yangu ni kubeba. Nabeba mikanda ya risasi hadi kwenye mabawa, na nabeba mabamba. Ndege mpya zimekuja na vitu ambavyo za zamani hazikuwa navyo: rashasha za ziada, kioo kinene nyuma ya kichwa, na bamba la chuma mgongoni mwa rubani. Injini ni ileile. Marubani wanasema walikuwa wakiendesha mbayuwayu, sasa wanaendesha ng'ombe mwenye mimba. Basi kila mmoja anakuja kutuomba tulitoe bamba. Ni kilo thelathini, sawa na magunia mawili ya makaa ya kwetu. Bega langu lilinieleza hivyo kabla ya mizani.

Mizani zenyewe tumeziazima kwenye ghala la viazi vitamu. Ziko tatu, moja chini ya kila gurudumu. Ndege inapimwa ikiwa imejaa mafuta na risasi, na Hamasaki anaandika jumla kwa chaki kwenye mguu wa gurudumu. Rubani anainama, anasoma namba, anapanda. Haulizi kitu kingine.

Mabamba ni mali ya serikali, hayatupwi. Yanaegemea ukuta wa stoo, kila moja na jina la mwenyewe kwa chaki. Leo ni kumi na moja. Injini zikipashwa moto, yote yanavuma kwa pamoja.

Natarajia kurudi kabla ya theluji ya kwanza.

23 Mei. Siku ya 313.

Mvua. Viazi. Rubani Iwakiri amepita stoo na mtungi wa figili za kuchachusha kutoka kwa mama yake, ambaye kijiji chake kiko mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Anazitia ganda la limau. Amenimegea kipande kirefu kama kidole. Natarajia kurudi kabla ya theluji ya kwanza.

27 Mei. Siku ya 317.

Jumamosi iliyopita nilitoa bamba la Sonobe. Alikuwa amekaa juu ya bawa akinining'inizia miguu usoni. "Fanya haraka, babu wa makaa," alisema. "Nikishuka na ushindi nitakuletea mkia wa adui ukaotee moto." Nikamwambia chuma hakiwaki. Akasema yeye atakisema vibaya mpaka kiwake.

Leo asubuhi aliondoka na wenzake, na saa nne akarudi. Ndege ilitua vizuri sana, ikaja mpaka mahali pake, ikasimama. Injini ikaendelea kuzunguka. Kioo hakikufunguliwa. Tulingoja tukidhani anaandika kitu. Hamasaki ndiye aliyepanda, akaingiza mkono, akazima.

"Njoo, mzee," aliniita. "We ndiye mwenye mabega."

Nilimtoa mimi. Alikuwa bado wa moto. Nimewahi kumbeba baba yangu siku aliyokufa, na najua maiti ilivyo nzito. Sonobe alikuwa mwepesi, sijui kwa nini, na hilo ndilo lililonitisha. Mguu wake mmoja ulikuwa bado umekanyaga breki, nikalazimika kuukunja kwa mikono.

Mgongoni mwa kiti kulikuwa na tundu. Dole gumba langu liliingia na nafasi ikabaki.

Hakuna aliyenilaumu. Yeye ndiye aliyeomba, Hamasaki ndiye aliyeruhusu, namba ndiyo iliyoandikwa. Mimi nilifungua skrubu sita tu.

Natarajia kurudi kabla ya theluji ya kwanza.

28 Mei. Siku ya 318.

Nimeosha kile kiti. Niliambiwa nioshe mara moja. Nimeosha mara tatu.

30 Mei. Siku ya 320.

Leo nimefanya kitu ambacho sikupaswa kukifanya. Nilichukua bamba la Sonobe kutoka ukutani, nikalipachika nyuma ya kile kiti kama lilivyokuwa. Nikapitisha chaki ndani ya tundu na kuchora duara juu ya chuma. Lilikuwa katikati kabisa. Risasi ingegonga pale na kuanguka.

Nililirudisha stoo, nikageuza uso wake ukutani ili duara lisionekane.

2 Juni. Siku ya 323.

Ukaguzi. Walipopiga simu kuwa wakubwa wako njiani, tulikimbia na mabamba kama watu wanaookoa vyombo kwenye mafuriko. Yote yakarudishwa. Mkubwa mmoja mwenye glavu nyeupe alipita akigonga kila bamba kwa kifundo cha kidole. "Vizuri," alisema. "Tunawatunza vijana wetu." Gari lake halijafika barabarani, spana zilikuwa mikononi tena.

"Tunavalisha maharusi, tunavua maharusi," Hamasaki alisema. "Na maharusi wenyewe wanaomba wavuliwe." Nilicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Sonobe.

Ndege ya Sonobe imeshapelekwa kutengenezwa, bamba lake halikuwa na pa kurudishwa, nililifunika kwa majani makavu. Nilipoingia stoo jioni kuyapanga mengine, lilikuwa wazi na duara lilikuwa linanitazama. Nimemuuliza Hamasaki kama amelishika. Anasema hana muda wa kushika vyuma vya watu.

Natarajia kurudi wakati wa theluji.

6 Juni. Siku ya 327.

Mvua haikatiki. Injini hazijawashwa siku mbili. Lakini nikiwa stoo napaka mafuta mikanda, nilisikia bamba likivuma. Moja tu. Nilipoweka kiganja juu yake lilinyamaza, na nilipokiondoa likaanza tena. Huenda ni mvua juu ya bati. Napenda kuamini ni mvua.

Ndege mpya ya Nagura imeletwa. Huyu Nagura ni kiongozi wa jozi yake, mtu wa Niigata, nchi ya theluji kama sisi, lakini simpendi. Hasalimii. Iwakiri ndiye anayeruka nyuma yake, kwa ndege ya zamani. Leo walikuja wote wawili.

"Bamba litoke," Nagura alisema. "Rashasha nazo. Niachie mizinga miwili ya mabawani, inanitosha."

"Bwana Nagura, rashasha sawa. Lakini bamba... Sonobe alikuwa..."

"Sonobe nilikula naye bakuli moja. Usinifundishe Sonobe."

"Nasema tu, tundu lilikuwa hapa."

"Sikiliza, mzee. We umebeba makaa mlimani, sivyo? Umewahi kumkimbia dubu na magunia mawili mgongoni?"

"Dubu hakimbiwi, bwana. Ukikimbia ndiyo anakula."

Iwakiri alicheka mpaka akashika bawa. "Amekuweza, kaka. Kubali tu."

Nagura alitabasamu upande mmoja. "Adui akinijia mgongoni ni kwa sababu nimechelewa kupanda juu. Na nimechelewa kwa sababu ya bamba. Chuma hicho kinaniitia risasi, halafu kinajidai kuizuia." Akamwonyesha Iwakiri kwa kidevu. "Bamba langu ni huyu. Anaangalia mgongo wangu, mimi naangalia wake. Yeye ndege yake haina hata bamba la kutoa, umemsikia akilia?"

"Nalia kwa ajili ya figili," Iwakiri alisema. "Zimebaki mbili, na huyu mzee anazitazama."

Nagura hakuwa mjinga. Nimeshaona ndege nzito zikipanda, zinavyojikokota.

9 Juni. Siku ya 330.

Mvua. Iwakiri ameniachia mtungi mtupu, anasema niuoshe na kuutunza, mama yake anahesabu mitungi. Harufu ya limau bado imo.

12 Juni. Siku ya 333.

Naandika hili kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia.

Hamasaki alikuwa na homa. Aliniambia nitoe bamba la Nagura peke yangu, nipime, niandike namba mwenyewe. Nilifungua skrubu nne. Mbili zikabaki. Mkono ukakataa. Niliona duara pale ambapo halikuwepo, juu ya chuma safi.

Nikarudisha zile nne.

Nikalivika bamba turubai la rangi ya kiti, likaonekana kama kiti tu. Kisha nikaenda stoo, nikafuta jina la Sonobe kwenye bamba lake, nikaandika Nagura. Atakayehesabu atakuta yako sawasawa, maana la Sonobe hakuna tena anayelidai.

Mizani ndiyo haidanganyiki. Namba ilizidi kwa kilo thelathini, na Nagura angeiona. Nilikaa chini ya bawa nikifikiri nini kitoke. Mafuta hayawezi kutoka, chini ni bahari. Redio walishaitoa. Rashasha walishazitoa, na hata nguzo ya antena wameikata kwa msumeno. Kilichobaki ni risasi. Mfuniko wa bawa ukishafungwa, hakuna anayeona ndani. Nilichukua sitini bawa la kulia na sitini bawa la kushoto, nikabakiza sitini na tano kila upande. Namba ikakaa palepale alipotaka. Niliandika kwa chaki, kwa herufi nzuri.

Zile mia na ishirini nimezitia kwenye gunia la makaa, stoo, nyuma ya ndoo.

Nilifikiri hivi: risasi zilizobaki zinatosha mtu mwenye akili. Mgongo ni mmoja.

13 Juni. Siku ya 334.

Mvua. Hakuna aliyeruka. Stoo iko kimya. Nimelala vizuri.

16 Juni. Siku ya 337.

Mawingu yalifunguka kidogo, Nagura na Iwakiri wakaenda kuangalia bahari, hawakukuta kitu, wakarudi. Nagura alishuka akicheka, sijawahi kumwona hivyo. Amenipa sigara mbili.

"Umeona, mzee? Inapanda kama kipanga. Kilo thelathini tu, na ni ndege nyingine kabisa."

Nilisema ndiyo. Nikavuta sigara yake.

Unyevu umeingia stoo. Kwenye lile bamba, chini ya jina la Nagura, herufi za Sonobe zimeanza kurudi. Nimefuta kwa kitambaa cha mafuta. Natarajia kurudi nyumbani wakati wa theluji.

22 Juni. Siku ya 343.

Nagura amerudi peke yake.

Aliruka chini kabla magurudumu hayajasimama na kuanza kupiga bawa kwa ngumi. "Mizinga imekwama. Yote miwili. Nani alijaza hii?"

"Mimi, bwana."

"Nilikuwa nyuma yake, mzee. Nyuma ya yule aliyekuwa mgongoni mwa Iwakiri. Ningeweza kumtemea mate. Nikabana, ikapiga, nikaona vipande vinamruka. Kidogo tu kilibaki. Halafu kimya." Aliendelea kusema neno hilo, kimya, kimya, kama mtu anayemwita mbwa.

Hamasaki, aliyekuwa amepona, alifungua mifuniko. Alitazama muda mrefu. "Haikukwama, kijana. Ni safi. Risasi zimekwisha."

"Haziwezi kwisha. Nilipiga mara moja kule mwanzo, kidogo, kisha hapo."

"Vitani muda hauendi sawa. Umebana zaidi ya ulivyodhani. Wengi huwa hivyo."

Nagura alikitazama kidole gumba chake kama ni cha mtu mwingine. Kisha akaenda zake, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Iwakiri alianguka baharini. Wanasema hakuna kilichoelea.

Hamasaki alipanda kukagua kiti. Nilikuwa nimeshika ngazi. Kisha akaniita kwa sauti ya chini, nami nikapanda. Turubai lilikuwa limechanika, na kwenye bamba kulikuwa na bonde la ukubwa wa kikombe cha chai. Lilikuwa palepale nilipochora lile duara la Sonobe.

"Hili linafanya nini humu?" aliuliza.

Nikamwambia.

"Na namba? Niliisoma mwenyewe. Ilikuwa sawa."

Nikamwambia na hilo.

"Ngapi?"

"Sitini kila bawa."

Mkuu wangu, ambaye ana mzaha kwa kila jambo, aliketi kwenye kiti cha rubani, akaweka mikono juu ya magoti. Mvua ilianza tena, tukaiacha itunyeshee.

"Umemwokoa," alisema mwishowe. "Usimwambie."

"Anadhani ni kosa lake, mkuu."

"Atazoea. Lakini rubani akijua kwamba sisi wa chini tunamchagulia, hatapanda tena ndege yoyote iliyoguswa na mikono yetu. Na wenzake pia. Lifiche hilo bonde. Rudisha risasi. Funga mdomo."

23 Juni. Siku ya 344.

Nimetoa bamba lenye bonde na kuliandika Nagura, na lile jingine nimelirudishia jina la Sonobe. Nimejaza mikanda kamili kwa risasi za ghala, zile za gunia sikuweza kuzigusa. Leo namba ni ya kweli.

26 Juni. Siku ya 347.

Nagura hali. Anakaa juu ya pipa tupu la mafuta nje ya stoo yangu, mvua au jua, dole gumba likiwa limebana hewa, na anahesabu. Anafika nane, anasimama. Anaanza upya, anakwenda mpaka kumi na tano. Mikanda kamili ni sekunde kumi na tano. Anasema kichwani mwake ilikuwa nane, na anataka kujua zile saba alizipoteza wapi.

"Mzee, nihesabie," aliniambia leo. "Nikibana, hesabu. Nikiachia, niambie ngapi."

Nilimhesabia. Akabana, akaachia. "Nane," nikasema.

"Unaona? Hata sasa nadhani ni nane. Labda masikio yangu yana hitilafu."

Ndani ya stoo mabamba mawili yalikuwa yanavuma. Yeye hakuyasikia.

1 Julai. Siku ya 352.

Anahesabu. Nilipokuja nilimdharau kwa sababu hasalimii. Sasa ananisalimu kila asubuhi, na ningependa asinisalimu.

5 Julai. Siku ya 356.

Kesho walikuwa wampe ndege tena. Daktari alisema mikono yake haitetemeki. Mimi najua kwa nini haitetemeki. Mtu anayebana hewa siku nzima mkono hukakamaa.

Mchana, baada ya viazi, nilimwita ndani ya stoo. Nilibeba gunia la makaa kutoka nyuma ya ndoo na kulimwaga sakafuni mbele ya miguu yake. Kisha nikalitoa bamba lenye bonde na kuliegemeza kwenye pipa.

Alitazama risasi. Akatazama bamba. Alichuchumaa akaweka ngumi yake ndani ya lile bonde, ikaingia sawasawa.

"Hili lilikuwa mgongoni kwangu?"

"Ndiyo."

"Nilisikia kitu. Nilidhani ni wingu." Alianza kuhesabu risasi, moja moja, akizipanga mistari ya kumi. Hakuacha mpaka mstari wa kumi na mbili. "Sekunde saba," alisema. "Hizi hapa."

Nilipiga magoti, nikagusisha paji la uso kwenye sakafu. Sikuomba msamaha, neno lenyewe lilikuwa dogo. Nikamwambia tu jinsi ilivyokuwa, skrubu nne, duara, mizani.

"Kwa hiyo sikukosea hesabu."

"Hukukosea, bwana. Ilikuwa nane."

Nilisikia maji yakichuruzika kwenye bati.

"Ulitaka niishi," alisema.

"Ndiyo."

"Hukuniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Ndiyo maana yake kuniuliza." Alisimama akafuta vumbi la makaa kwenye suruali. "Ungejua hizo risasi zilikuwa mgongo wa nani, ungezitoa?"

Hili ndilo swali ninalolala nalo. Nilimjibu ukweli, kwamba ulinieleza mwenyewe, bwana, siku ile ya dubu, na nilikusikia, na nilitoa hata hivyo kwa sababu Sonobe nilimbeba kwa mikono yangu na Iwakiri nilikuwa sijambeba.

Nilidhani atanipiga. Angenipiga ningeshukuru. Alichukua chaki kutoka mfukoni mwangu, akafuta jina lake juu ya bamba, akaandika Iwakiri.

12 Julai. Siku ya 363.

Nagura amehamishiwa kiwanja kingine kaskazini. Kabla ya kuondoka alitaka ndege ipimwe mbele yake. Hakuna bamba, risasi zimejaa, zote amezigusa mwenyewe. Ilipotoka, akapanda yeye juu ya mizani ya viazi.

"Hamsini na moja," Hamasaki alisoma.

"Mwezi wa tano nilikuwa hamsini na sita." Alinitazama. "Umeona, mzee? Nimepunguza kilo tano bila msaada wako."

Hamasaki alicheka, kisha akaona si la kucheka.

Nagura alinipa karatasi iliyokunjwa. Ni njia ya kwenda kwa mama yake Iwakiri: mto, daraja la mbao, kinu, nyumba ya tatu yenye mlimau. "Mimi ningekwenda," alisema, "lakini sijui kama nitakuwa na miguu. Mwambie yote. Usimwambie nusu."

Alipasha injini moto. Mabamba yakaimba yote, akaondoka.

14 Julai. Siku ya 365.

Mwaka mmoja. Jua.

19 Julai. Siku ya 370.

Mvua zimeisha. Mikeka iko juani, na ukungu unapigwa kwa fimbo.

Habari imefika kwamba Nagura hakurudi kutoka baharini juzi. Hamasaki aliniletea mwenyewe, akasimama mlangoni mwa stoo bila kuingia. "Sasa tunajua wawili tu," alisema. "Mimi mdomo wangu umefungwa. Wewe ungeweza kupumzika, mzee Kumagai." Aliongea kwa upole, na ninaamini alinitakia mema. Zamani nilimwona mtu wa mzaha tu. Sasa naona mzaha ni bamba lake, na yeye hakulitoa.

Nimeuosha mtungi tena. Harufu ya limau haitoki, hata kwa majivu. Nimeufunga kwa kamba ya majani, tayari kwa kubebwa. Ni mwepesi. Karatasi ya Nagura iko ndani.

Hakuna ndege iliyowashwa leo, na mabamba matatu yanavuma. Siweki tena kiganja.

Kiyo, mke wangu, siku watakayotuachia sisi wabebaji, sijui ni lini, wenzangu wa kijijini watafika kwanza. Usitoke kwenda kituoni, usikoroge supu. Kwenda kwa mama yule ni siku mbili, kumwambia ni siku moja, kama atanifungulia. Kurudi kwenye reli ni siku mbili. Nitegemee siku tano baada ya wengine.